Difu ya Kubana

Mwenye lori alikuwa anachokonoa meno kwa kibamba cha fundi, kile chembamba cha kupimia valvu. Alichokonoa, akakitazama kilichotoka, akakirudisha mdomoni na kukitafuna upya. Fundi aliyaona yote hayo akiwa chini ya lori. Kibamba hicho alikuwa nacho mwaka wa kumi na saba sasa, na alijua hatakigusa tena.

"Linahitaji au halihitaji?" mwenye lori aliuliza kwa mara ya nne. "Wenzangu wote wanaisifia hiyo difu ya kubana. Nasikia wewe huna tamaa, kitu kisichohitajika humfungii mtu. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Hilo lilikuwa kweli. Fundi aliwahi kumrudisha mteja aliyeleta injini nyingine nzima, akamwambia abadilishe plagi tu aende zake. Sifa hiyo ndiyo iliyomlisha, na aliipenda kuliko alivyopenda ujuzi wa mikono yake.

Lori lilikuwa juu ya jeki. Alizungusha tairi la nyuma la kulia kwa mkono. La kushoto likazunguka kinyume. Difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi, ilikuwa ya kawaida, haina tatizo lolote.

"Linakwama wapi?"

"Pale pale kila siku, mgongoni mwa kilima, tukitoka shambani." Mwenye lori alitema mate ndani ya karai la oili. "Tairi moja linazunguka bure kama feni. Mama watoto anashuka na mawe, anayachomeka chini yake, natoka. Ndiyo kazi yake."

Mkewe alikuwa amekaa karibu na mlango, juu ya ndoo iliyofudikizwa. Tope lilikuwa limemkaukia hadi magotini, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikuwa na kucha.

"Tena mzembe," mumewe aliendelea. "Mwezi uliopita aliteleza na jiwe lake mkononi, mimba ikatoka pale pale barabarani. Tulifika sokoni saa sita, nyanya zimeshalainika. Nani anunue nyanya za hivyo?" Akacheka peke yake, akajikuna kwapa, akanusa vidole.

Oili ya difu inanuka, kila mtu wa gereji anajua, lakini siku hiyo fundi aliona afadhali ainamie karai kuliko kumwangalia mtu yule. Angekuwa amekuja peke yake, angekwisha kumtimua.

Mwenye lori akasema anakwenda kujisaidia. Alizunguka nyuma ya ukuta, ingawa choo kilikuwa mbele ya macho yake.

Mwanamke aliinuka. "Samahani, fundi. Hiyo difu inafanya nini hasa?"

Fundi alimwonyesha kwa mikono. "Mliyo nayo inapeleka nguvu kwenye tairi linaloteleza. Hilo linazunguka bure, la pili linasimama. Ya kubana inayafunga yote mawili yaende pamoja. Moja likiteleza, jingine linasukuma."

"Bila mawe?"

"Bila mawe. Hakuna haja ya mtu kushuka. Hata dereva akiwa peke yake anatoka."

"Peke yake," alirudia mwanamke, na uso wake ukakunjuka kidogo.

Fundi alitamani aishie hapo. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimchoma. Lakini ameulizwa, na yeye hakuzoea kuficha. "Kwa barabara yenu lakini siwashauri, dada. Pembeni kuna nini?"

"Korongo."

"Na barabara imelalia huko?"

"Huko huko."

"Basi ndiyo shida. Lile tairi linalosimama ndilo linaloushika mkia wa lori. Mkiyafunga yote mawili, siku ya utelezi yatateleza yote kwa pamoja, na mkia utakwenda kule barabara ilikolalia, korongoni. Dereva akikanyaga mafuta, ndiyo anauharakisha."

"Hawezi kulirudisha?"

"Likishaanza, hawezi. Bora mnunue minyororo ya kuvika matairi."

"Nani ataivika, fundi? Kwenye tope lile?"

Fundi alivitazama vile vidole visivyo na kucha. Wote wawili walimjua atakayetumwa.

"Umeshamwambia haya?" mwanamke aliuliza.

"Bado. Akirudi nitamwambia."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa taratibu, akamshukuru kwa kumweleza vizuri.

Mumewe alirudi akifunga zipu. Alijifuta mikono begani kwa mkewe, pole pole, kidole kimoja baada ya kingine. "Haya, fundi. Linahitaji au halihitaji?"

"Linahitaji," mkewe alisema kabla fundi hajafungua mdomo. "Fundi amenieleza yote. Ukishafungiwa hiyo, mimi sina kazi tena kule. Naweza kubaki na watoto."

"Kweli, fundi?"

Fundi alimtazama mwanamke. Hakuwa analia, wala hakuwa anamwomba kitu. Alisimama tu, bega limelowa, akisubiri.

"Kweli, bosi," alisema fundi, akainama kuokota spana. "Na siku likikwama, usiwe na wasiwasi. Kanyaga mafuta."