Kikumbusho cha Kila Dakika

Fundi Salha aliiunganisha simu ya Mzee Makungu na kompyuta ili aone kinachoigandisha.

"Baba, ni kikumbusho hiki. 'Mloweshe Mwanahija midomo.' Umekiweka kijirudie kila dakika, bila mwisho. Simu inajaribu kuzipanga dakika zote zijazo, inaelemewa."

"Mke wangu alikuwa hawezi tena kumeza," alisema mzee. "Nilikaa naye na pamba na kikombe cha maji. Niliogopa kupitiwa na usingizi."

"Na tarehe ya mwisho hukujaza?"

"Simu iliniuliza. Ningeandikaje tarehe, mwanangu, naye yupo ananitazama?"

Salha akamsogezea kibodi. "Ukiijaza sasa, simu itapona."

Mzee Makungu aliijua tarehe ile, na saa yake, na dakika yake. Alinyoosha kidole hadi juu ya tarakimu ya kwanza, akakirudisha.

"Hapa pana maji?"

Salha akamletea kikombe. Mzee hakunywa. Alichovya ncha ya kidole, akaipitisha taratibu juu ya kioo cha simu kilichoganda, kutoka pembe hadi pembe, na fundi hakumkataza.