Spineli ya Halidi

Saa mbili asubuhi moshi ulikuwa bado unatoka kwenye duka la sonara karibu na soko la Babati, na maiti iliyolala sakafuni haikuwa na uso. Fuvu lilikuwa limebonyea kisogoni. Kidoleni kulikuwa na pete ya fedha.

Askari aliichomoa kwa koleo, akaipoza kwa maji, akampa Faudhia.

"Pole sana, Mama Sabrina. Ni ya mzee?"

Faudhia aliigeuza. Fedha ilikuwa nyeusi kwa moshi lakini haikupoteza umbo. Kito chekundu kilikuwa kimelegea na kuvujia pembeni kama nta. Alikitazama mpaka askari akakohoa.

"Ni pete ya mume wangu," alisema. "Huyu ni yeye."

Askari walikuwa na dhana mbili. Kulikuwa na watu wa Arusha ambao mumewe Halidi aliwauzia rubi zilizojazwa kioo, nao walikuwa wameapa kumchinja. Tena kulikuwa na Sele, mkata vito aliyekuwa akilala humo dukani. Sele hakuonekana tangu jana. Faudhia aliwaambia kuwa Sele hakuwa mtu wa kukimbia. Hawakuliandika hilo.

Nyumbani Nakwa majirani walikwisha kutandika mikeka. Vijana walikuwa uani wakipasua kuni za sufuria la msibani. Sabrina, mwenye miaka tisa, aliketi ukutani, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya plasta ngumu. Kila mwanamke pale alijua nani aliuvunja, na kwa nini Faudhia haoni vizuri kwa jicho la kulia. Siku hiyo hakuna aliyelitaja. Marehemu hasemwi vibaya, basi wakaizungumzia pete yake.

Kila mmoja alikuwa ameiona. Halidi alikuwa akiing'oa spineli yake, kile kito chekundu, kwenye pete mbele ya wateja, anaishika kwa kibano juu ya moto wa taa. Rubi, alikuwa akisema, wengi huipika ndipo ipendeze. Spineli ya Mahenge haipikwi. Hutoka ardhini na wekundu wake, na hata ukiitia motoni itatoka nzima. Kisha anaipangusa, anairudisha mahali pake, na mteja anabaki amekodoa macho. Kuna bwana mmoja aliyewahi kutaka kumpa gari ili amwachie kito hicho. Halidi alimcheka.

"Alikipenda kile kijiwe kuliko mtu," alisema jirani mmoja, kisha akajutia ulimi wake.

Faudhia alikuwa akitazama uani. Mlango wa stoo ya mahindi, ambao asubuhi aliufunga kwa kufuli, sasa haukuwa na kufuli.

Baada ya adhuhuri wanaume walibeba jeneza wakaondoka wote, na kelele za kuni zikakoma. Faudhia aliwaambia wanawake kuwa anakwenda kutia udhu. Alipita uani, akaokota kitu kando ya kuni, akakificha chini ya baibui. Aligonga mlango wa stoo kwa kidole.

Komeo lilivutwa kutoka ndani.

Halidi alirudi kuketi juu ya gunia la mahindi. Alikuwa ananuka petroli.

"Wameshanizika?"

"Wako njiani, Baba Sabrina."

Alicheka bila sauti. Alimweleza kuwa Sele hakusikia maumivu. Nyundo moja tu, akiwa usingizini, na urefu wao ulikuwa mmoja. Watu wa Arusha wasingemtafuta tena. Giza likiingia angeondoka, na eda ikiisha Faudhia angemfuata pamoja na mtoto. Asipomfuata angerudi kuwachukua, na safari hiyo usingevunjika mkono peke yake.

Kisha akafumbua kiganja. Spineli ilikuwa humo, nyekundu, nzima.

"Hii ilinishinda kuiacha. Kwenye pete nilibandika kioo. Nani angejua?"

Faudhia alikitazama kijiwe, mkono wake chini ya baibui.

"Nakuuliza. Kuna mtu mwingine anayejua niko hai?"

"Hakuna," alisema Faudhia, na shoka likashuka.