Kofia ya Pili

Sostenes aliishika kofia nzuri kuliko zote alizowahi kuzipaka rangi, akaanza kuiharibu. Aliisugua kwa msasa mpaka njano ikachubuka pembeni. Akaigonga kwa jiwe mara tatu, akaigeuza, akaigonga tena.

Wenzake machimboni walipenda bia na karata. Yeye alipenda kofia za mashujaa. Kila Jumapili alikwenda Kalangalala, kwenye banda la video la Irfan, akawatazama mashujaa wanavyoruka juu ya maghorofa, kisha akarudi kuzitengeneza kofia zao kwa kofia ngumu kuukuu, bati na gundi. Mtu mzima na ndevu zake! Lakini ukishaziona, hucheki. Ungeapa zimetoka vitani. Kutu aliipata kwa vumbi la chuma na ndimu, moshi kwa kibatari, weusi kwa makaa ya betri iliyokufa.

"Kofia mpya haijaona kitu," alizoea kusema. "Nani ataiamini?"

Hii ya njano, yenye jicho jekundu kwenye paji, ilikuwa ya shujaa aliyembuni mwenyewe. Alipaka mbili, pacha kabisa. Moja aliiweka rafuni bila kumwonyesha mtu, nyingine akampa rafiki yake Maganga, aliyeshuka nayo kazini kila siku kwa maringo. Kambi nzima hapakuwa na mwingine mwenye kofia kama ile.

Na sasa Maganga alikuwa chini ya kifusi. Mvua za El Nino zililainisha ardhi, na Jumatatu asubuhi duara lao, lile shimo walilokuwa wakichimba dhahabu, likatitia. Siku nne watu walikuwa wanafukua, na udongo unarudi.

Mama yake, Melania, alifika kutoka Ushetu siku ya pili. Alipoingizwa kwenye kibanda cha mwanawe alipapasa mwimo wa mlango, pale Maganga alipokuwa akikwaruza mstari kwa msumari kwa kila siku aliyokaa mbali na nyumbani. Hakuruka hata siku moja. Hata akiwa chini ya duara, saa yake yenye mishale ya kung'aa gizani ikifika kumi na mbili asubuhi, alichora popote palipokuwa karibu. Mama aliihesabu ile mistari, akatoka, akaenda kuketi kwenye mdomo wa shimo. Mvua yake, jua lake. Hakula.

"Shikamoo, mayu," Sostenes alimwambia siku ya nne. "Kunywa hata uji."

"Marahaba, baba. Nitakunywaje uji na mwanangu anagonga?"

"Anagonga?"

"Kule chini. Sikiliza."

Sostenes alisikiliza. Alisikia mvua tu. Bujiku, msimamizi wa duara, akatikisa kichwa.

"Ni mawe yanajipanga, mama. Pole sana."

Scolastika, mke wa Maganga, akamvuta Sostenes pembeni. "Shemeji, mama huyu ana presha. Tangu jana kaanguka mara mbili. Hivi hivi tutazika wawili. Angepata hata kitu kimoja cha mume wangu tukakizika, angeinuka pale."

Kwao ndivyo ilivyokuwa: mwili ukikosekana, huzikwa alichokivaa, na waliobaki wananyoa, wanakula, wanaishi.

Ndiyo maana mchana ule Sostenes alikuwa anaipondaponda kofia ya rafuni. Akaipasua paji, ufa wa kupitisha ngumi. Akaipaka udongo mwekundu wa duara lile lile na kuuacha ukauke kwenye mikwaruzo. Halafu, Mungu amsamehe, akajikata kidole na kufuta damu kwa ndani. Zamu yake ilipofika alishuka nayo ndani ya kiroba, akafukua kidogo, akapiga kelele.

Bujiku aliipokea juu. Akautazama ufa, akaitazama damu, akavua kofia yake mwenyewe.

"Basi," alisema. "Hakuna kichwa kinachopona humu. Wekeni sururu chini, tusimsumbue marehemu."

Wanaume waliketi kwenye matope pale pale walipokuwa wamesimama. Wengine walilia. Walikuwa wamechoka mno.

Melania aliipakata kofia. Alichokiogopa Sostenes kilikuwa hiki, maana mama hadanganyiki kirahisi kwa vitu vya mwanawe. Alipitisha kidole kwenye jicho jekundu. Akanusa ndani.

"Ni yake," alisema. Kisha akainamisha sikio shimoni, kwa muda mrefu. "Kumbe ni masikio yangu tu. Uzee."

Akaomba uji.

Sostenes alikwenda nyuma ya vibanda akalia, kwa furaha na kwa aibu. Katika maisha yake yote kazi yake haikuwahi kuaminiwa namna ile. Kesho yake, siku ya tano, walizika kofia.

Mvua zilipokatika, wiki tatu baadaye, wachimbaji wa duara la jirani walitoboa ubavuni na kutokea kwenye uwazi mdogo ambao mawe hayakuufikia. Bujiku alikuja mwenyewe kibandani kwa Sostenes. Hakumsalimu.

"Tumemkuta ameketi," alisema, akamkabidhi kofia ya njano.

Haikuwa na ufa. Haikuwa hata na mchubuko. Jicho jekundu lilikuwa safi kama siku alipolipaka. Sostenes akaigeuza. Ndani, kwa msumari, palikwaruzwa mistari iliyopangwa vizuri. Akaihesabu. Akaihesabu tena, kwa kidole.

Ilikuwa tisa.