Magego ya Tunu

Daktari alimulika kinywa cha Tunu kwa kurunzi, akahesabu meno. Shavu la kushoto la mtoto lilikuwa limefura kama aliyeficha andazi.

"Mama Tunu, magego mawili hayapo. Yamekwenda wapi?"

Mwanahawa akauvuta mtandio wake. "Yalilegea, daktari. Nikajua anabadilisha meno."

"Wa miaka mitano, abadilishe magego?"

Mwanahawa ndiye aliyeyang'oa mwenyewe kwa uzi, akamfundisha mwanawe kuyatupa juu ya paa ili aote mapya, na wapangaji wenzake wakapiga vigelegele. Shavu lilipoanza kuvimba aliona haya kuulizwaulizwa, akawa anamfunga kitambaa na kusema ni matumbwitumbwi.

"Uvimbe ulianza lini?"

"Wiki..." akaanza. Tunu alikuwa akimtazama. "Miezi miwili, daktari. Nisamehe."

"Si mimi wa kuombwa msamaha. Taya lina uvimbe. Leo tutakata kipande kidogo tukapime. Ukiwa ndio ninaoudhania, dawa ya dripu huuyeyusha upesi, ila hatuna tena siku za kupoteza. Mtalala hapahapa."

Mwanahawa aliitikia kwa kichwa, uso chini, machozi yakimdondokea mapajani. Tunu akaichukua kurunzi mezani, akamwinua mama kidevu kwa vidole vyake vidogo.

"Haya, na wewe sema aaa."

Mwanahawa akafungua kinywa. Mtoto akachungulia bila haraka, jino baada ya jino, kama anayetafuta kitu.