Kiatu Ndani ya Mfuko wa Dawa

Kiatu cha baleti, cha hariri ya waridi, kilianguka kutoka mfuko wangu wa dawa mbele ya mke wangu.

Miaka minane namwambia Thuraya kwamba natoka kwetu Ibra, huku Omani, kwenda Maskati kutibiwa magoti. Kumbe nafuata vikundi vidogo vya baleti, ile densi ya kusimamia ncha za vidole vya miguu, vinapokuja kucheza kutoka miji ya mbali. Juzi mchezaji wao mmoja alinipa kiatu chake kilichokwisha. Barabara imenichosha, na uongo umenichosha zaidi.

"Kifaa cha tiba hicho," nikasema. "Ukikilalia, goti hunyooka lenyewe."

"Apa."

Nikashindwa kuapa.

Akapitisha kidole kwenye ncha, palipotiwa viraka vya uzi kwa mkono, kisha ndani, penye damu iliyokauka. Thuraya kashona kofia tangu tukiishi Unguja. Mkono uliochoka anaujua.

Nikangoja apige marufuku safari zangu.

Akavaa miwani, akatunga uzi kwenye sindano. "Maskini mwana wa watu, hana hata wa kumshonea," akasema, akianza kwenye ncha. "Na hilo goti, bwana wee, litakuuma tena lini? Nataka kukusindikiza."