Fundi wa Makopo

Walilisukuma gari mpaka likasimama hatua moja tu na ukuta wa mbao wa stoo ya gereji. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimevunjwa kwa kitako cha bunduki.

"Weye ndiye fundi wa makopo?" komanda aliuliza.

Watu wake wanne walicheka. Mtaa mzima wa Mudzipela ulimjua Baudouin kwa jina hilo. Kila mteja mwenye gari la kuwashwa kwa kitufe, Baudouin alimwambia vilevile: ukienda kulala, weka ufunguo ndani ya kopo la bati, ufunike. Wezi wana mashine ya kunasa mawimbi yake kupitia dirishani. Ndani ya bati haunaswi.

"Ni miye, mukubwa."

"Washa hii gari."

Baudouin alijipenyeza kitini, akabonyeza kitufe. Taa nyekundu. Akabonyeza tena. Nyekundu.

"Inataka ufunguo," alisema. "Si wa kuchomeka. Mutu anakuwa nayo mufukoni tu. Ikiwa hapa karibu, mita moja, inawaka. Bila ile, hapana."

"Ufunguo iko na Firmin. Na Firmin iko wapi?"

"Alivuka ziwa, mukubwa. Alipitia Mahagi-Port."

Komanda alitema mate. Tangu vita virudi alikuwa na orodha ya watu wa kuua, na Firmin, mwenye gari, alikuwa wa kwanza. Nyumba yake walikuwa wameichoma asubuhi hiyo.

"Basi utaiwasha bila ufunguo. Wezi wanaweza, na weye utaweza."

"Wezi wako na mashine. Miye niko na bisibisi."

Hakuna aliyecheka. Komanda aliingiza mtutu dirishani, akaugusisha kwenye kisogo cha fundi. "Nahesabu mpaka tano, cinq. Un."

Baudouin aling'oa kifuniko chini ya usukani, akavuta nyaya. Alijua hazitamsaidia kitu.

"Deux. Trois."

Mpiganaji mmoja alikuwa ameshika mlango wa nyuma wa gari.

"Usifungue!" Baudouin alipiga kelele. "Usifungue, hata nikikufa!"

Yule mpiganaji aliuachia kama umemchoma. "Ni mulango tu, muzee."

"Quatre."

Baudouin alifumba macho, akabonyeza kitufe mara ya mwisho.

Injini ikawaka.

Wale wanne walishangilia, wakapiga risasi hewani. Komanda alimvuta fundi nje kwa kola ya shati, akampiga begani, akakaa yeye mwenyewe kitini. "Kumbe unajua! Ulitaka kutuchezea tu."

Baudouin alisimama akiwa ameegemea mbao. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Gari lilirudi nyuma polepole. Mita moja. Mbili. Tatu. Ndipo likaanza kulia, pii, pii, pii, na mbele ya usukani yakatokea maneno ya Kifaransa. Komanda aliyafuata kwa kidole, neno kwa neno: ufunguo hauonekani tena.

Alikanyaga breki. Akamtazama Baudouin. Kisha akautazama ukuta wa mbao.

Nyuma ya mbao, Firmin alikuwa amekaa chini, ufunguo mkononi, na kopo wazi katikati ya magoti yake.