Tone Kiganjani

Motere ya boti ilikohoa ndani ya pipa la maji, ikatetemeka, ikazima. Mara ya tatu, na buji zote mbili, zile plagi za kuwashia moto, nilikuwa nimeshazibadilisha.

Nilifungua kabiratere inayolisha injini, nikamwaga mafuta yaliyobaki kiganjani. Esansi, petroli safi, huacha ubaridi kidogo, kisha hupotea. Hii iliacha tone zima, la mviringo, likinikodolea kama jicho la samaki aliyeoza.

“Ni maji,” nilimwambia mwenye boti, muzee wa Kasenyi. “Nani alikuuzishia huu uchafu?”

Akashangaa. “Ni hapa kwako, papa fundi. Kwa mama Falone. Nilisema, bibi ya fundi hawezi kuuzisha mafuta mubaya. Juzi ikazima katikati ya ziwa, niko na batu kumi na mbili, batoto ndani.”

Mate yakanijaa mdomoni. Nikatema.

Mke wangu alikuwa kando ya barabara, nyuma ya meza yake ya chupa za esansi, na kitenge chake cha kwaya, akimchekea mwenye pikipiki. Nilichukua chupa moja mezani, nikaifungua.

“Falone, leta mukono nikumwangie.”

Aliitazama chupa, akanitazama mimi, kisha akakunja ngumi.